Mwiko wa Tatu

Saa kumi na mbili u nusu, Utawala. Ukungu bado
umelalia mabati ya uzio,
nami nimeshika chaki mbele ya ubao wa plaiwudi
ulioandikwa juzi, ukafutwa kwa kiwiko, ukaandikwa tena.
Mambo kumi na manne.
Kila moja linasema: mimi kwanza.

Mwenye jumba alipiga simu usiku:
lango lipakwe rangi kabla ya Jumamosi,
kuna wakwe wanakuja kuona.
Nyambane wa vigae yuko tayari, magoti ameshayafunga raba.
Kilonzi wa mabomba hayuko tayari, ila anasema yuko.
Lori la zege litafika saa saba,
na zege halijui kusubiri,
haliambiwi pole likapoa.

Zamani ningegawa watu kama karanga,
huku kiganja, kule kiganja,
kila kona ipate kelele yake,
nikaziita kelele hizo maendeleo.
Ndivyo tulivyopiga lipu ghorofa ya pili,
ukuta laini kama shavu la mtoto,
na Jumatatu fundi wa umeme akaja na patasi.
Nilimtazama akilipasua shavu lile
inchi kwa inchi. Wiki nzima.
Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Sasa nauliza ubao swali moja:
nini kikisimama leo, wote wanasimama?

Si lango. Si vigae.
Ni fungu la mchanga lililomwagwa Alhamisi
katikati ya njia ya wilibaro, "kwa muda tu",
likawa kama mlima wa ukoo, kila mtu akiuzunguka kwa adabu,
kila safari hatua thelathini zaidi,
na chini yake, Mola nisitiri,
mabomba manne ya Kilonzi
yanayopaswa kulazwa kabla ya zege.

Nikawaita waashi watatu, walio hodari kuliko wote:
miko chini, shikeni koleo.
Ogutu akanitazama kana kwamba nimemtukana mamake.
"Msimamizi Wanza, mimi ni fundi wa kona."
"Leo kona iko chini ya mchanga, Ogutu."

Wakachimba wakinuna.
Kando ya tangi, Mama Khavetsa akacheka mpaka moshi ukampalia.
Maharagwe yake yalikuwa jikoni tangu alfajiri,
unga bado umefungwa kwenye pakiti.
"Nyie wasomi," akasema, "mngepika ugali kwanza
mkaula mkavu mkisubiri mboga."
Akakoroga, akaugonga mwiko ukingoni mwa sufuria,
akaendelea na shughuli zake.

Mwiko wa mwashi. Mwiko wa mpishi.
Na ule wa tatu, usioshikika mkononi:
jambo usilolifanya
kabla ya lenziye.

Saa saba njia ilikuwa nyeupe.
Lori halikuonekana.
Saa nane, halikuonekana; limekwama Bypass, dereva anaapa.
Nikapiga mbiu ya hasira kwenye simu
na moyoni nikamshukuru,
maana bomba la nne, lile Kilonzi alilosema "limekwisha, bosi",
ndilo kwanza alikuwa akilipima.

Lilipofika saa tisa hakuna aliyenuna.
Wilibaro zilikwenda moja kwa moja, zikarudi moja kwa moja,
na Ogutu, tope mpaka mapajani,
alikuwa akihesabu safari kwa sauti kubwa
kama mtu aliyebuni mwenyewe njia ile.

Jumamosi wakwe walikuja. Lango lilikuwa na kutu yake.
Mwenye jumba hakuniamkua.
Nilikuwa juu, mpira wa maji mkononi,
slabu ikinywa taratibu, ikinyamaza,
na kule chini ubao umefutwa wote,
umebaki na mstari mmoja wa chaki:

mwagilia, kisha ungoje.

Kumi na matatu mengine niliyaona
yakinikodolea macho kutoka kwenye vumbi la kifutio.
Nikafungua maji zaidi.